Je, wajua? Shahada ya fizikia peke yake haikufanyi mwalimu wa fizikia

Muulize mtu yeyote Dar es Salaam mwalimu wa fizikia wa sekondari alisomea nini, atakujibu haraka: fizikia, tena nyingi. Kwa hesabu hiyo, kijana mwenye shahada ya fizikia tupu angepewa chaki kesho asubuhi. Sivyo. Hata awe na GPA ya kutisha, kitaaluma huyo bado si mwalimu. Kwa kawaida hutakiwa kwanza asome stashahada ya uzamili ya elimu, ile PGDE.

Njia iliyozoeleka huanzia kidato cha sita, kwenye michepuo yenye fizikia: PCM (na kemia na hisabati), PCB (na kemia na biolojia) au PGM (na jiografia na hisabati). Kiwango cha chini cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa shahada nyingi ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4, A ikiwa 5 na E ikiwa 1. Kisha mtu anaomba Shahada ya Sayansi na Elimu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani au kwenye chuo chake kishiriki cha elimu, DUCE, kule Chang'ombe, miaka mitatu. Humo fizikia haitawali peke yake: inagawana nafasi na somo la pili la kufundishia, mara nyingi hisabati au kemia, halafu na elimu yenyewe, yaani saikolojia, mitaala, upimaji, mbinu za kufundishia na TP (mazoezi ya kufundisha shuleni). (Na wapo wanaofundisha kidato cha kwanza hadi cha nne kwa stashahada ya ualimu, bila shahada yoyote.)

Sasa, mbinu za nini, kama somo mtu analijua? Chukua betri na balbu mbili zinazofanana, uziunge moja baada ya nyingine, uliza darasa ipi itawaka zaidi. Wengi watasema ya kwanza, kwa sababu umeme ukifika ya pili umeshapungua. Zinawaka sawa. Mtaalamu wa fizikia ataandika kanuni ubaoni, ataipigia mstari, na wanafunzi wataikariri huku bado wakiamini balbu inakula umeme. Aliyefundishwa ualimu analitarajia kosa hilo kabla halijasemwa. Watafiti wa ufundishaji wa sayansi wamelikuta katika nchi nyingi. Analeta cheni ya baiskeli. Mguu ni betri, tairi la nyuma ni balbu, pingili ni chaji. Pingili zinazofika nyuma ndizo zinazorudi mbele, hakuna hata moja inayoliwa. Kinachotoka mguuni kwenda kwenye tairi ni nishati. Na cheni husogea yote kwa pamoja, ndiyo maana balbu ya pili haisubiri zamu yake. Mfano huu nao una mwisho wake: ukifika kwenye balbu zilizounganishwa sambamba, cheni moja haitoshi.

Hii haina maana kwamba mbinu hufidia fizikia isiyojulikana. Mwalimu asiyeelewa tofauti ya chaji na nishati hata cheni yenyewe ataieleza vibaya, na kidato cha sita watamgundua wiki ya kwanza.

Kichekesho kimebaki kwa mhandisi. Amesoma umeme kuliko walimu wengi, lakini akiomba PGDE, kwa kawaida chuo kitaangalia kwanza kama shahada yake ina somo linalofundishwa sekondari. Vigezo hutofautiana kwa chuo, na TCU hutoa mwongozo mpya wa udahili kila mwaka, kwa hiyo wa kaka yako aliyemaliza zamani usiutegemee.