Saa Arobaini za Wiki: Kupanga Masomo ya Mwaka wa Kwanza wa Uhandisi

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, wanafunzi wapya wa uhandisi huingia ofisini kwangu na karatasi moja mkononi, nayo ni ratiba ya vipindi waliyoinakili kutoka ubao wa matangazo. Huhesabu vyumba vilivyoachwa wazi katika jedwali hilo, kisha husema kwa furaha kwamba Jumanne mchana hawana kazi na kwamba Ijumaa wanamaliza saa sita. Kazi yangu ya kwanza kama mshauri wa masomo huwa ni kuwaeleza kwamba vyumba hivyo vina wenyewe. Ratiba ya chuo imepangwa kwa ajili ya kumbi na walimu, na hivyo sehemu kubwa ya kazi anayotakiwa kuifanya mwanafunzi peke yake haimo ndani yake.

Kipimo cha kazi hiyo kipo, na kimewekwa wazi. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni sawa na saa 10 za kazi ya mwanafunzi wa kawaida, zikihesabiwa pamoja saa za mihadhara, semina, maabara, kusoma peke yake na hata kuandika mitihani. Mwaka mmoja wa shahada una krediti zisizopungua 120, na ndiyo maana shahada ya uhandisi ya miaka minne hufikia 480. Mwanafunzi akigawa 120 kwa mihula miwili atapata krediti 60, yaani saa 600 kwa muhula. Akizigawa tena kwa wiki 15 za masomo atapata saa 40 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamwekea mfanyakazi ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, kwa hiyo kijana wa mwaka wa kwanza yuko nyuma ya mwajiriwa kwa saa tano tu, ingawa nyumbani mara nyingi huonekana kama mtu aliye likizoni ambaye anaweza kuitwa wakati wowote kukaa dukani. Katika nchi jirani ya Kenya, ambako shahada ya uhandisi huchukua miaka mitano, majina na mgawanyo wa kozi hutofautiana na ya kwetu, lakini mzigo wa wiki haupishani sana.

Tuchukue muhula wa mfano wenye kozi sita: hisabati, mekanika ya uhandisi na uchoraji wa kihandisi, kila moja ikiwa na krediti 12, kisha sayansi ya vifaa, uandishi wa programu za kompyuta na stadi za mawasiliano, kila moja ikiwa na krediti 8. Jumla ni 60. Kozi ya krediti 12 inadai saa nane kila wiki, na ya krediti 8 inadai saa tano na dakika ishirini. Iwapo ratiba ya vipindi inaonyesha saa 24 kwa wiki, basi zimebaki saa 16 ambazo hakuna mtu atakayempangia mwanafunzi. Anaweza kuziweka saa mbili kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na saa sita Jumamosi, akaiacha Jumapili kwa ibada, kufua na kulala. Mpango huu hauna uchawi wowote. Ila ni lazima saa hizo ziandikwe kwenye jedwali lilelile la vipindi, kwa kalamu, zikiwa na jina la kozi na mahali pa kukaa, kwa sababu saa isiyo na jina huliwa na mazungumzo ya koridoni.

Swali linalofuata ni kozi ipi ipewe saa zipi, na hapa wanafunzi wengi hukosea. Kozi za uhandisi hazifanani kwa namna zinavyokula muda. Chukua tatizo dogo la mekanika: boriti imelazwa juu ya nguzo mbili, moja kila mwisho, na katikati pamewekwa mzigo wa kilonewtoni 10. Mwalimu akilieleza ubaoni kwa dakika tano, kila mtu huona kwamba kila nguzo inabeba kilonewtoni 5, na darasa zima hutikisa vichwa kwa kukubali. Sasa sogeza mzigo ule hadi robo ya urefu wa boriti kutoka upande wa kushoto. Mwanafunzi aliyetikisa kichwa jana hukaa nusu saa akitafuta aanzie wapi, hadi atakapokumbuka kuchora nguvu zote zinazoigusa boriti na kupima mizunguko kutoka nguzo moja. Ndipo atakapoona kwamba ya kushoto inabeba 7.5 na ya kulia 2.5. Swali la kumi la aina hiyo litamchukua dakika tano. Ujuzi wa namna hii huingia kwa kurudiwa siku nyingi kidogo kidogo, kwa hiyo saa nne za hisabati na mekanika zilizogawanywa katika siku nne zina faida kuliko saa nne za usiku mmoja wa kupiga msuli kabla ya jaribio. Uchoraji ni kinyume chake. Karatasi ikishabandikwa ubaoni na rula ya T kuwekwa sawa, kukatisha kazi kila baada ya dakika arobaini ni hasara tupu, na ndiyo sababu napendekeza kazi hiyo ipewe sehemu ya Jumamosi yenye saa tatu mfululizo. Ripoti ya maabara nayo ina tabia yake: ikiandikwa jioni ya siku ileile ya maabara huchukua saa moja na nusu, lakini ikisubiri wiki nzima huchukua mara mbili, maana nusu ya muda huishia katika kukumbuka namba fulani ilisomwa kwenye kipimo kipi.

Mgawanyo huo hauwezi kuwa mmoja kwa wote. Aliyetoka kidato cha sita na mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) kwa kawaida amekwisha kuikuta kalkulasi, lakini huenda hajawahi kushika tupa wala kuchora umbo kwa mtazamo wa pande tatu. Aliyeingia kwa stashahada ya ufundi huwa mwepesi karakanani na kwenye michoro, halafu hisabati ya wiki ya tatu inampita kama daladala iliyojaa. Naona mara nyingi kila mmoja anatumia saa zake nyingi pale anapojiweza, kwa kuwa panampa raha. Ushauri wangu kwa makundi yote mawili ni kupunguza saa mbili kwa wiki kutoka kozi wanayoimudu na kuzihamishia kwenye ile inayowatisha, na, kama tabia zao zinapatana, wakae meza moja.

Sababu ya kuipendelea hisabati na mekanika katika mgawanyo huo haitokani na ugumu wake peke yake. Hizi ni kozi tangulizi. Mekanika ya mwaka wa kwanza ndiyo mlango wa kuingilia uimara wa vifaa, na huko ndiko nadharia ya majengo na usanifu wa mashine zinakoanzia. Kalkulasi hufungua milinganyo tofautishi, ambayo bila hiyo mekanika ya ugiligili na mifumo ya udhibiti hazisomeki. Anayepita kwenye stadi za mawasiliano kwa alama ya wastani atajirekebisha baadaye akiwa kazini. Anayepita kwenye mekanika kwa kubahatisha ataukuta udhaifu uleule kila muhula, ukiwa na jina jipya.

Hesabu ya wastani wa alama pia inaunga mkono jambo hili. Katika mizani ya pointi tano inayotumiwa na vyuo vingi nchini, A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3 na C ni 2, na kila pointi huzidishwa kwa krediti za kozi husika. Aliyepata C katika hisabati ya krediti 12 na A katika kozi ya krediti 8 ana pointi 24 na 40, jumla 64, ambazo zikigawanywa kwa 20 zinatoa 3.2. Aliyepata B+ katika hisabati na B katika ile nyingine ana 48 na 24, jumla 72, na wastani wake ni 3.6. Wa kwanza ana A ya kuonyesha nyumbani. Wa pili, akiendelea hivyo, yuko upande wa daraja la pili la juu, linaloanzia 3.5.

Kuhusu kozi za hiari, mwaka wa kwanza wa uhandisi hauna uhuru mkubwa, na pengine ni heri. Pale panapokuwa na nafasi ya kuchagua, nashauri mwanafunzi atazame aina ya kazi inayodaiwa badala ya sifa za mwalimu zinazosimuliwa bwenini: kama kozi za lazima zimekwisha kumpa maabara mbili zenye ripoti kila wiki, asijiongezee ya tatu. Wapo pia wanaotaka kuongeza mafunzo ya lugha ya kigeni, cheti cha mtandaoni au kazi ya kufundisha masomo ya ziada jioni. Katika muhula wa kwanza jibu langu ni hapana, na huwa silipambi. Katika muhula wa pili, baada ya matokeo kutoka, tunaweza kuzungumza.

Kuna mzigo mwingine usio na krediti, nao ni barabara. Mwanafunzi asiyepata bweni, ambaye kila siku anatoka Mbagala au Gongo la Mboto, pembezoni mwa Dar es Salaam, na kutumia saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, hupoteza saa 15 kwa wiki, karibu sawa na zile 16 za kujisomea. Kijana mmoja wa namna hiyo alinijia katika wiki ya nane akiwa amefeli majaribio matatu, na daftari lake la hisabati lilikuwa safi kuliko la wenzake wote, kwa sababu halikuwa na zoezi hata moja lililofutwa. Hatukumbadilishia kozi hata moja. Tulikubaliana abaki maktaba hadi saa mbili usiku, siku nne kwa wiki, akipisha foleni ya jioni, na afanye mazoezi ya siku hiyohiyo kabla ya kupanda gari.

Pamoja na jedwali la wiki, mwanafunzi anahitaji karatasi ya pili yenye mistari 15, mstari mmoja kwa kila wiki ya muhula, ambamo ataandika tarehe za majaribio, ripoti na michoro mara tu zinapotangazwa. Katika vyuo vingi alama 40 kati ya 100 hutokana na kazi za muhula na 60 na mtihani wa mwisho, na hizo 40 zina tabia ya kurundikana katikati ya muhula na tena karibu na mwisho. Karatasi hiyo humwonyesha mapema kwamba wiki ya saba ina majaribio matatu na mchoro mmoja. Kiongozi wa darasa anaweza kuomba jaribio lisogezwe akienda katika wiki ya nne. Akienda siku mbili kabla, atajibiwa kwamba ukumbi umekwisha kupangwa.

Mpango ukivunjika, muda wa kuchukua hatua ni mfupi. Dirisha la kuongeza au kuondoa kozi hufungwa katika wiki za mwanzo. Mgonjwa au mfiwa anapaswa kuomba kwa maandishi kuahirisha mtihani, akiambatanisha ushahidi, kabla ya siku ya mtihani wenyewe. Kutotokea bila ruhusa huhesabiwa kuwa kosa tofauti kabisa na kufeli. Anayepata sapu, yaani mtihani wa marudio baada ya kufeli, naye akumbuke kwamba mitihani hiyo kwa kawaida huwekwa katika likizo ndefu, kipindi kilekile ambacho wanafunzi wa uhandisi hupelekwa katika mafunzo kwa vitendo. Amweleze msimamizi wake wa kiwandani tarehe hizo tangu siku ya kuripoti, na aombe barua ya ruhusa chuoni kabla hajaondoka.