Vumbi la Mionzi Rongelap: Maswali na Majibu

Swali: Wakazi wa Rongelap walipatwaje na mionzi?

Jibu: Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni lililoitwa Bravo huko Bikini, katika Visiwa vya Marshall vya Bahari ya Pasifiki. Nguvu yake ilifikia megatoni 15 (sawa na tani milioni 15 za baruti ya TNT), zaidi ya mara mbili ya ilivyokadiriwa, na upepo ukalipeleka vumbi lake mashariki hadi kisiwa cha Rongelap, zaidi ya kilomita 150. Vumbi lenyewe lilikuwa matumbawe yaliyoungua. Yaani, kwa mtu wa pwani anayelijua tanuri, lilikuwa chokaa, ila chokaa iliyochanganyika na masalia ya bomu. Lilitanda juu ya vyakula, likaingia katika maji ya kunywa, na watoto wakalichezea. Watu waliondolewa baada ya siku mbili hivi.

Swali: Dalili za mwanzo zilikuwa zipi?

Jibu: Kutapika, kuharisha, na ngozi kuwasha. Wiki mbili baadaye, ngozi iliyogandwa na vumbi ilitoka vidonda na nywele zikanyonyoka. Vidonda vilipona, nywele zikaota tena, na mambo yakaonekana kama yamekwisha.

Swali: Ugonjwa huu huambukiza?

Jibu: Hapana. Vumbi lililobaki kwenye nguo au mwilini ndilo linaloweza kumfikia mwingine, na ndiyo maana mtu huvuliwa nguo na kuogeshwa kwa sabuni.

Swali: Kwa nini tezi ya shingo iliathirika zaidi?

Jibu: Tezi hiyo hufyonza madini joto, yale yale yanayotiwa katika chumvi, wala haiwezi kuyatofautisha na yenye mionzi. Kwa kuwa tezi ya mtoto ni ndogo, mionzi hujikusanya humo kwa wingi. Vinundu vilianza kugunduliwa mwaka 1963, na wengi wa waliokuwa na umri chini ya miaka 10 siku ile hatimaye walivipata. Wavulana wawili walidumaa kwa kukosa homoni. Tiba ilikuwa upasuaji na vidonge vya homoni. Vidonge vya madini joto hukinga tezi vikimezwa muda mfupi kabla ya vumbi kufika au saa chache baadaye, na chumvi ya jikoni haishiki nafasi yake.

Swali: Walirejeshwa mwaka 1957. Mbona walihama tena mwaka 1985?

Jibu: Madini joto yenye mionzi hupungua nusu kila baada ya siku 8, lakini seziamu-137, masalia mengine ya bomu yenye mionzi, huchukua miaka 30. Udongo wa matumbawe una potasiamu kidogo, madini yanayohitajiwa na mimea, hivyo mimea hufyonza seziamu inayofanana nayo, nayo huishia ndani ya nazi, shelisheli na matunda ya mkadi, ambako kuosha hakuifikii. Baada ya kurejea, vipimo vilionyesha seziamu ikipanda katika miili yao, ingawa walikuwa wameambiwa kwamba kisiwa ni salama. Baadaye watafiti walibaini kwamba mbolea ya potasiamu ikitiwa kwenye mashina ya minazi, seziamu inayopanda kwenye nazi hupungua sana.