Ufa wa milimita 2, na daftari la zamu

"Injinia, hii itatufikisha msimu ujao?" Mkuu wa zamu aliuliza hata sijavua kofia. Ni kiwanda cha sukari kando ya ziwa, mtambo wa mvuke unaolishwa na boila la makapi ya miwa. Tulikuwa tumepaka rangi nyekundu inayopenya, tukaifuta, tukapuliza unga mweupe. Punde ukajichora mstari mwembamba kama unywele, kwenye kona ya mtaro unaoshika mapanga ya rota, mhimili unaozunguka ndani ya mtambo. Kipimo cha mawimbi ya sauti kikatupa kina: milimita 2.

Nikaomba daftari la zamu. Wao walinitajia saa za kazi. Mimi nilitaka kujua mtambo umewashwa mara ngapi. Rota ikizunguka kwa mwendo mmoja mkazo wake haubadiliki sana. Kuwasha na kuzima ndiko kunakofanana na kukunja na kukunjua waya hadi ukatike. Umeme ukiyumba, mtambo ukajizima, hiyo nayo ihesabu. (Daftari lilikuwa na kurasa zilizofungiwa maandazi. Nimeshazoea.)

Mapema miaka ya 1960 Mmarekani Paul Paris alionyesha kwamba hatua ya ufa kwa kila mzunguko wa mkazo (kwetu, kuwasha na kuzima mara moja) inategemea mkazo unaojikusanya kwenye ncha yake, ukipandishwa kipeo. Kwa vyuma vya aina hii kipeo ni karibu 3. Mkazo huo nao hukua kwa kipeuo cha pili cha kina. Ufa ukitoka milimita 2 hadi 8, mkazo wa ncha unakuwa mara 2, na kasi mara 8. Sehemu kubwa ya umri wa ufa huliwa ungali mdogo, hamuuoni.

Kinachonitisha zaidi ni baridi. Rota ikiwa baridi, chuma chake huvunjika kirahisi zaidi. Uwezo wake wa kuhimili ufa ukishuka nusu, kina cha hatari kinashuka hadi robo: ufa ambao ungevumilika hadi milimita 40 kwenye rota ya moto, kwenye baridi unapasua ukifika 10. Mwaka 1974 huko Gallatin, Tennessee, rota iliyokuwa imefanya kazi zaidi ya saa 100,000 ilipasuka ikiwashwa kutoka baridi.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," mkuu wa zamu akanikumbusha, akitaka tuuchomelee. Nikakataa, joto la kulehemu papo kwa papo huzaa nyufa nyingine. Tuliusaga hadi ukaisha, tukaviringisha kona, tukapima tena. Safi. Hata hivyo nilipiga hesabu kana kwamba umebaki ufa wa milimita 1, kwa sababu mdogo kuliko huo siamini kifaa changu kingeuona, nikagawa jibu kwa mbili.

Sikumpa tarehe. Nilimpa idadi ya kuwasha, na sharti la kupasha rota polepole. Alichukua chaki, akachora kijistari cha kwanza ukutani, juu ya kiti chake.