Vigunduzi vya Gesi vya Mwale: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Katika baadhi ya bohari za gesi ya kupikia huku Kisumu na Nakuru, utaona nguzo mbili fupi zikitazamana kutoka pande mbili za uwanja, kila moja ikiwa na kichwa cha chuma chenye kioo. Nguzo moja hutoa miale ya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, nyingine huipokea, na gesi inayopita katikati hupunguza mwanga unaofika. Hicho ndicho kigunduzi cha gesi cha mwale. Kwa muda ambao nimefunga na kupima vyombo hivi, nimeona vikisomwa vibaya mara nyingi kuliko nilivyoona vikiharibika, na jambo hilo hunitia hofu kwa sababu wanaovitegemea ni watu wanaopakia mitungi siku nzima.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba namba inayoonekana kwenye skrini ni asilimia ya gesi iliyomo hewani. Ukweli ni kwamba chombo hiki hakipimi sehemu moja, bali hujumlisha gesi yote iliyolala kwenye mstari wa mwale. Kiasi cha chini kabisa cha gesi kinachoweza kushika moto hewani, ambacho mafundi hukiita LEL, ni takriban asilimia 2 kwa propani, iliyomo kwenye gesi ya kupikia, na asilimia 5 kwa methani, iliyo kuu kwenye gesi asilia. Jibu la kigunduzi cha mwale ni kiasi cha gesi kilichopo, kikihesabiwa kama sehemu ya LEL, mara upana wa wingu, na hutolewa kwa LEL-mita. Kwa hiyo, LEL-mita 1 inaweza kuwa wingu la upana wa mita 1 lililo tayari kuwaka, au wingu la mita 10 lenye sehemu ya kumi tu ya kiasi hicho, au ukungu mwembamba wa gesi uliotanda mita 100. Namba ni ile ile, ilhali hali tatu hizo hazifanani hata kidogo. Wala namba hiyo haisemi gesi imetokea wapi kwenye mstari, na ndiyo maana karibu na pampu, vali na sehemu za kujazia mitungi bado tunafunga vigunduzi vya sehemu moja. Mwale hulinda uwanja. Hauwezi kuchukua nafasi ya vile vidogo.

Wapo wanaoamini kwamba mvua, ukungu au vumbi vitaliza kengele ya gesi bure. Chombo kimetengenezwa kwa kuzingatia hilo. Molekuli za propani, butani na methani hunyonya infraredi ya urefu fulani wa wimbi, hasa karibu na mikromita 3.3 hadi 3.4, na vyombo vingine hutumia eneo la mikromita 2.3. Kipokezi hulinganisha wimbi hilo na wimbi jingine la jirani ambalo gesi hizo haziligusi. Ukungu hufifisha mawimbi yote mawili kwa kiasi kinachokaribiana, lakini gesi hufifisha moja tu, na tofauti hiyo ndiyo inayopimwa.

Hata hivyo, kinachofuata ndicho kinachosahauliwa. Mwale ukizibwa kabisa, chombo hutangaza hitilafu, na muda wote huo hakioni gesi yoyote. Katika uwanja mmoja huku Kisumu, niliambiwa kwamba kigunduzi "kinasumbua" kila asubuhi. Nilisimama pale tangu alfajiri, nikaona lori likija kungoja zamu ya mizani, likaegeshwa katikati ya nguzo mbili kwa karibu saa nzima. Mlinzi akaniambia, "Fundi, hiyo kelele tulishaizoea, tunaizima tu." Si yeye wa kulaumiwa, kwani hakuna aliyewahi kumweleza kwamba kelele ile ilimaanisha uwanja hauna ulinzi wakati lori limejaa gesi. Tulihamisha mstari na kupaka rangi sakafuni. Nyasi zinazorefuka wakati wa masika, utando wa buibui kwenye kioo na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka kwa makundi kama moshi huleta shida ya namna hiyo hiyo.

Inasemwa pia kwamba nguzo zinaweza kusimamishwa popote palipo na nafasi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: propani ni karibu mara moja na nusu, na butani ni karibu mara mbili. Huteremka na kutambaa kwenye mitaro, kwa hiyo mwale wake hupita karibu na ardhi. Methani ni nyepesi na hupanda, hivyo mwale wake huwekwa juu. Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa huku hasa. Ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi kutoka Kisumu, na jua letu huchomoza na kuzama bila kupotoka zaidi ya nyuzi 24 hivi kutoka mashariki na magharibi kamili mwaka mzima. Kipokezi kilichoelekezwa huko hupigwa na jua usoni asubuhi au jioni. Uwanja ukiruhusu, elekeza mstari kaskazini na kusini.

Haidroji haionekani kabisa kwa infraredi. Chumba cha kuchajia betri za foklifti, ambamo betri huweza kutoa haidroji, kinahitaji kigunduzi cha aina nyingine.

Mwisho, wapo wanaosema kwamba chombo kinachojikagua chenyewe hakihitaji kupimwa. Ni kweli kwamba hakiharibiwi na silikoni kama vigunduzi vinavyopima kwa kuchoma gesi, na kwamba taa ikififia hutoa taarifa. Lakini hakiwezi kujua kama kengele yake inasikika kule inakotakiwa. Kipimo huchukua dakika chache: unaarifu chumba cha udhibiti, unaweka kichujio cha majaribio kinachoiga gesi mbele ya kipokezi, unangoja namba ipande. Kisha unamwomba aliye chumbani akusomee kwa redio jina la nguzo iliyolia, maana nimewahi kukuta nyaya za nguzo mbili zimebadilishana, na gesi ya upande wa matangi ingetangazwa kuwa iko langoni.