Usiniulize mvua, niulize mwezi

Ninapanga likizo za pwani kwa familia za Arusha na Moshi, hasa nyumba nzima za kukodi: vyumba vinne au vitano, jiko, baraza, ufukwe mbele. Kila anayetaka kwenda Aprili, Mei au Novemba anaanza na swali lilelile: "Mvua je?" Akishajibiwa anachagua tarehe kwa kufuata mshahara au ofa, analipa, anafika, na kesho yake saa nne asubuhi anatuma picha ya mchanga mtupu na mitumbwi iliyolala ubavu, na chini yake ameandika: "Mbona bahari haipo?"

Bahari ipo. Maji yamekupwa, na yatarudi jioni, kama ilivyoonyeshwa kwenye jedwali la maji ambalo hakuna aliyetaka kulifungua kwa sababu wote tulikuwa tunaongelea mvua.

Basi tuimalize hiyo mvua kwanza. Masika ya pwani ni Machi hadi Mei, kilele chake Aprili, na upande wa Tanga, Pemba na Unguja Mei nayo haina mzaha. Vuli ni Oktoba hadi Desemba na ni nyepesi zaidi. Mvua ya pwani haifanani na yale manyunyu ya Arusha ya Juni na Julai yanayokufungia ndani na sweta siku nzima. Mara nyingi hupiga kwa nguvu usiku au alfajiri, kwa muda wa saa moja au mbili, kisha jua linatoka na maji bado ya vuguvugu. Siku za wingu kutwa nzima zipo pia. Kwa safari ya siku tano ya Aprili, jiandae kwa moja au mbili. Programu ya simu inayochora kiwingu chenye matone kila siku kwa wiki mbili mbele siiamini hata kidogo. Fuata utabiri wa siku tano wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na zaidi ya mvua soma tahadhari ya upepo na mawimbi. Mvua imeisha.

Sasa maji. Pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, kwa hiyo kila siku nyakati husogea mbele. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ni bamvua: tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita tatu na nusu, wakati mwingine karibu nne. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti hushuka hadi mita moja hivi. Hapa kila mtu ananiambia "hilo nalijua", na hapa ndipo tunapoachana.

Wasichokijua ni kwamba saa nazo zimefungwa kwa mwezi. Kuanzia Tanga hadi Dar es Salaam na Unguja, siku ya mwezi mpevu au mwandamo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Ni hivyo mwaka mzima, miaka yote. Usisubiri bamvua itakayojaa saa sita mchana, haipo. Kwa hiyo ukipeleka watoto siku za bamvua kwenye ufukwe wa tambarare, asubuhi yote wataangalia mchanga, na maji yatakaporudi jioni yatakuja mengi na kwa kasi, wakati wewe umeshaanza kuwaita wakaoge. Maji mafu ni kinyume chake: mwezi ukiwa nusu hujaa mnamo saa nne asubuhi, siku mbili baadaye karibu na saa sita mchana, na yakipwa hayaendi mbali. Kwa familia yenye mtoto wa miaka minne na bibi wa miaka sabini, hizo ndizo siku za kununua, hata kama ofa imeandikwa wiki nyingine.

Sasa ongeza kalenda ya sikukuu. Shule nyingi hutoa likizo fupi kuzunguka Pasaka, na kwa wengi wetu hiyo ndiyo nafasi pekee ya msimu wa bei nafuu, kwa sababu Juni hadi Agosti pwani imejaa wageni, na Desemba Moshi hakutoki mtu, watu wanaingia. Lakini Pasaka, kwa hesabu ya kanisa, ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21. Maana yake Pasaka hainusuriki na mwezi. Kinachobadilika ni iko siku ngapi baada yake. Pasaka ya 2026: mwezi mpevu Aprili 2, Jumapili ya Pasaka Aprili 5. Bamvua tupu. Ijumaa Kuu maji yanakupwa kuelekea saa tano asubuhi, Jumapili kuelekea saa sita, yaani saa ileile familia imetoka ibadani na kuvaa nguo za kuogelea. Wiki moja mbele, Aprili 10 hadi 13, ni maji mafu safi. Pasaka ya 2027 ni Machi 28 na mwezi mpevu ni Machi 22, kwa hiyo sikukuu yenyewe inaangukia karibu na maji mafu. Idi el-Fitr haina hata bahati hiyo ya kupishana: mwezi umeandama, bamvua imeingia.

Jedwali lenyewe si gumu. Tafuta la Tanga, Zanzibar au Dar es Salaam, lolote lililo karibu na nyumba yako, usome mita za kupwa. Kwenye ufukwe wa tambarare, ukiona 0.3 jua utatembea, ukiona 1.5 watoto wana pa kuchezea siku nzima. Kati ya hapo ndipo penye ubishi. Jedwali limepigwa kwa bandari, na nyumba yako iko nyuma ya mwamba, ambapo maji huchelewa kutoka na huchelewa kuingia. Mimi huongeza nusu saa kichwani kisha nampigia mlinzi wa nyumba, ambaye anajua zaidi kuliko jedwali. Zile dakika 50 za kila siku nazo ni wastani tu: karibu na bamvua maji husogea kidogo zaidi ya nusu saa kwa siku, karibu na maji mafu husogea zaidi ya saa nzima.

Mtu akikubali hayo yote lakini tarehe zake haziwezi kubadilika, basi abadilishe ufukwe. Mashariki ya Unguja, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, bahari ya bamvua inaweza kurudi nyuma hata kilomita moja hadi kwenye mwamba. Nungwi na Kendwa, kaskazini, ufukwe una mteremko na mtu anaweza kuogelea karibu saa yoyote. Hiyo peke yake inaeleza sehemu kubwa ya tofauti ya bei mnayolalamikia. Na sisemi mashariki msiende: maji yakikupwa kuna madimbwi, nyota za baharini, akina mama kwenye mashamba ya mwani, na pweza. Ila kila mtu avae yeboyebo au viatu vya plastiki, kwa sababu kwenye mawe kuna wale viumbe weusi wa miiba mirefu, na mwiba wao ukivunjikia kwenye unyayo wa mtoto, mapumziko yameishia hapo.

Kuna jambo moja la mvua ambalo ni kweli, na ndilo msiloliuliza: midomo ya mito. Masika, Mto Pangani unamwaga baharini maji ya rangi ya chai ya maziwa, sehemu yake yametoka huku huku kwetu, Meru na Kilimanjaro, yakapita bwawa la Nyumba ya Mungu. Ruvu inafanya hivyo karibu na Bagamoyo, Wami upande wa Saadani. Mbingu inaweza kuwa safi siku tatu na maji bado ya tope. Uliza nyumba iko kilomita ngapi kutoka mdomo wa mto, na omba picha ya bahari ya wiki hiyo. Ile ya tangazo ilipigwa Januari.

Nyumba yenyewe. Ya msimu mdogo huwa imefungwa wiki kadhaa, na nyumba ya pwani ikifungwa inaota ukungu. Mwambie mwangalizi atoe magodoro juani siku mbili kabla, awashe friji siku moja kabla, na aanze kutibu bwawa angalau siku tatu kabla, maana bwawa la kijani haliwi safi kwa usiku mmoja hata ulimwagie klorini ya wilaya nzima. Paa la makuti: uliza liliezekwa lini. Likipita miaka minne, omba video iliyopigwa mvua ikinyesha, na uangalie sakafu, usiangalie paa. Sakafu ndiyo inayoonyesha pa kuvuja.

Maji ya ndani. Watu kumi wanaoga mara mbili tatu kwa siku kwa sababu ya chumvi. Piga lita 80 hadi 100 kwa kichwa, ni hadi lita 1,000 kwa siku. Tangi la lita 2,000 ni siku mbili, na umeme ukikatika pampu haipandishi. Visima vingi vya ufukweni vina chumvichumvi: kuoga sawa, sabuni haitoi povu, na chai yake mama mkwe hatainywa. Maji ya kunywa na kupikia, hesabu madumu mawili ya lita 20 kwa siku.

Umeme, uliza nani ananunua uniti: Tanga ni LUKU, Zanzibar ni Tukuza. Kiyoyozi kimoja cha chumba hula uniti sita hadi nane kwa usiku, vitatu ni kumi na nane hadi ishirini na nne, na kwa bei ya kawaida ya nyumbani Bara ni kama shilingi 6,400 hadi 8,500 kila usiku. Si hela ya kugombana, lakini watu wanagombana kwa sababu haikuandikwa. Jenereta ikiwepo, andikeni mafuta ni ya nani na inawashwa saa ngapi.

Mpishi akiwa ndani ya bei, mpe fedha za soko asubuhi na umwache aende mwenyewe diko, pale wavuvi wanapoteremsha na kuuza samaki. Wewe mwenye lafudhi ya bara utapewa bei yako. Na msidai dagaa wabichi mwezi ukiwa mpevu: wavuvi wa dagaa hutumia taa, na mbalamwezi inaua kazi yao, kwa hiyo usiku huo wengi hawatoki. Bamvua ni wakati wa pweza, maana ndipo miamba inapobaki wazi. Upepo ukivuma siku mbili, changu na kolekole hupanda bei au hawaonekani kabisa, basi jikoni kuwe na maharage na mchele wa siku mbili. Nazi hazikosekani.

Bei. Kuna imani kwamba msimu mdogo kila kitu ni nusu. Hoteli kubwa yenye vyumba themanini vitupu inaweza kufanya hivyo. Mwenye nyumba moja ana mlinzi, mpishi na bwawa wa kuwalipa iwe umekuja au hujaja, na ukimbana sana atakuachia bei kisha mpishi atapewa likizo. Mimi huomba vitu visivyomgharimu: usiku mmoja wa ziada, kukabidhi nyumba jioni badala ya saa nne asubuhi kwa kuwa hakuna mgeni nyuma yako, mpishi siku zote badala ya mbili. Arbuni isitumwe kabla ya kupiga simu ya video na mtu aliyesimama ndani ya nyumba hiyo, akakuonyesha bomba linatoa maji. Mei yote, nikiri, sijui kama namshauri mtu au namuuzia: bei ni nzuri kuliko wakati wowote, lakini upande wa Tanga na visiwani naona nusu ya familia zinarudi zimefurahi na nusu zimecheza karata siku nne. Novemba ningeichagua mara kumi. Upepo wa kusi umekwisha, kaskazi haujaingia, bahari ni maleleji, imetulia kati ya pepo hizo mbili.

Njiani, kwa kifupi. Arusha hadi Tanga kwa Moshi, Same na Segera ni kilomita zaidi ya 430. Ondoka saa kumi na moja alfajiri na uheshimu vibao vya 50 vijijini. Lami haina tatizo masika, kilomita kumi za mwisho ndizo zenye tatizo, na Noah kwenye udongo mweusi uliolowa haiendi popote. Kwa Ushongo, ule ufukwe wa kusini mwa Pangani, ulizia siku hiyohiyo hali ya kuvuka Mto Pangani. Kwa ndege ndogo za kwenda Zanzibar, wengi huruhusu kilo 15 kwenye begi laini, kwa hiyo lile sanduku gumu liache nyumbani, na beba vitambulisho pamoja na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Mwisho ni mbu, na hili halina utani. Watoto wa Arusha hawakuzoea malaria ya pwani, na masika mbu ni wengi. Chandarua chenye dawa kila kitanda, hata kama kuna kiyoyozi, kwa sababu umeme utakatika saa nane usiku na mtafungua madirisha. Dalili huanza kuonekana kama wiki moja au zaidi baada ya kuumwa, yaani mkiwa mmesharudi na baridi ya Arusha inalaumiwa kwa kila homa. Mtoto akipata homa ndani ya mwezi mmoja baada ya safari, mpeleke akapimwe siku hiyohiyo, na mwambie mhudumu mlangoni kwamba mlikuwa pwani. Usisubiri akuulize.