Jerikeni Iliyotusindikiza: Dhana Potofu kuhusu Mkondo, Mfereji na Mashua

Injini ilizimika tukiwa tumeiacha Panyimur nyuma, tunateremka Nile kuelekea Pakwach. Ilikuwa mashua ya mbao yenye watu kumi na wawili, magunia ya samaki wakavu na mbuzi wawili waliofungwa miguu. Mtu mmoja alikuwa akichota maji, jerikeni yake ya njano ikamponyoka. Tukaitazama ikielea hatua mbili kutoka ubavuni mwetu, tukidhani tutaiacha au itatuacha. Hakuna aliyemwacha mwenzake. Ilitusindikiza bega kwa bega kwa dakika nyingi, mafunjo ya ukingoni yakipita, na mashua yetu ikaanza kugeuka ubavu taratibu.

Nahodha, mzee wa Kialur aliyekulia ziwani, akatia kasia refu nyuma kama usukani. Akalisukuma huku, akalivuta kule. Mashua haikusikia.

"Mzee, kasia limeharibika?" nikamuuliza.

"Kasia zima, mwanangu. Maji ndiyo hayapiti."

Akachukua gunia la mawe linalotumika kama nanga, akalifunga kamba na kuliteremsha nyuma mpaka likagusa chini, likawa linaburuzika. Jerikeni ikatutangulia. Papo hapo kasia likashika, na pua ya mashua ikarudi kutazama mbele.

Tangu siku hiyo, kila ninaposikia mazungumzo ya mito na mifereji, nakumbuka neno lile: maji hayapiti. Mkondo ni nguvu kubwa, lakini hukusaidia pale tu mwendo wako na wake unapotofautiana. Dhana nyingi potofu ninazozisikia mialoni na mijini zinatokana na kulisahau hilo.

"Ukiingia kwenye mkondo kaa tu, maji yatakufikisha."

Kukubeba yatakubeba. Kukufikisha ni jambo jingine. Usukani hufanya kazi kwa kupigwa na maji yanayoupita. Chombo kikienda sawasawa na maji, hakuna kinachoupita, nao unabaki ubao tu uliotumbukizwa. Chombo kimekwenda arijojo, kama kishada kilichokatika uzi. Waongozaji wa boti za mpira kule Jinja wanalijua hili vizuri. Wakikaribia maporomoko huwahimiza abiria wapige makasia kwa nguvu ingawa maji tayari yanakimbia. Si haraka wanayoitafuta. Wanataka boti iyapite maji ili igeuke, kwa kuwa mwamba hausogei kumpisha mtu.

Njia nyingine ni kwenda polepole kuliko maji, kama alivyofanya mzee kwa gunia lake. Ni ya kale mno, na ni ya mto huu huu. Herodotus, Mgiriki aliyefika Misri katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alieleza jinsi mashua za mizigo zilivyoteremka Nile. Mbele zilifungwa chelezo kidogo cha mbao na matete, na nyuma zilikokota jiwe lililotobolewa, la kilo 50 hivi. Mkondo ulikivuta chelezo, jiwe likashikilia nyuma, mashua ikanyooka katikati. Kati ya Panyimur na Misri kuna maelfu ya kilomita, na kati ya Herodotus na nahodha wetu kuna karne ishirini na tano, lakini ufundi ni ule ule. Jambo hili hunigusa kila ninapolifikiria.

"Mfereji wa mashua lazima uwe na maji yanayokimbia."

Hii ndiyo ninayoisikia zaidi, na naelewa inakotoka. Mifereji tuliyoizoea Uganda ni ya umwagiliaji, kama ile ya Doho kwenye mpunga wa Butaleja au ya Mubuku kule Kasese. Mfereji wa shamba usipotiririka umekufa. Kwa hiyo mtu akisikia habari za mfereji wa kubebea mizigo, anauwaza vivyo hivyo, ila mpana zaidi, na mashua ikipelekwa juu yake kama jani.

Mfereji wa mashua ni kinyume chake kabisa. Waliouchimba walihangaika ili maji yatulie. Uchukue ule wa Bridgewater huko Uingereza, uliofunguliwa mwaka 1761 kupeleka makaa ya mawe kutoka machimbo ya Worsley hadi Manchester. Ulifuata usawa wa nchi kwa uangalifu mkubwa, ukizunguka vilima badala ya kuvipanda, na maji yake karibu hayakusogea. Nguvu ilitoka kwa farasi aliyetembea kwenye njia ya ukingoni akivuta kamba. Kwenye mifereji ya namna hiyo farasi mmoja aliweza kukokota tani 30 na zaidi, mzigo ambao barabarani ungetaka msururu wa mikokoteni. Bei ya makaa Manchester ikashuka kwa nusu hivi. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu maji yalikuwa yametulia.

Mashua ikiongeza mwendo mara mbili, maji huipinga kiasi cha mara nne. Farasi anayekokota tani 30 kwenye maji yaliyotulia, kwa mwendo wa mtu anayetembea, angeshindwa kabisa kama maji yangemjia kwa mwendo huo huo. Tena maji yanayokimbia hula kingo za udongo, na kila lita inayoteremka lazima itafutiwe nyingine huko juu. Mwenye mfereji hana mto wa kuchezea.

Ipo michache yenye mkondo. Mfereji wa Llangollen huko Wales hupeleka pia maji ya Mto Dee kwenye bwawa la maji ya kunywa, na wenye mashua wanaujua vizuri mkondo wake: ukiwakabili, safari huwa ndefu zaidi.

"Mkondo unachokunyima ukipanda, hukurudishia ukishuka."

Inasikika kama haki, lakini hesabu inakataa. Tuseme mashua yako huenda kilomita 6 kwa saa kwenye maji yaliyotulia, na unataka kwenda mwalo ulio kilomita 10 kutoka kwako kisha urudi. Bila mkondo, kwenda na kurudi ni saa 3 na dakika 20. Sasa weka mkondo wa kilomita 3 kwa saa. Kupanda peke yake, kwa mwendo wa kilomita 3 uliobaki, kunakula saa 3 na dakika 20. Muda wa safari nzima umekwisha na hujarudi. Kurudi utaongeza saa 1 na dakika 7. Anayekodisha mashua na kununua petroli kwa lita anapaswa kuikumbuka hesabu hii kabla ya kukubaliana bei.

"Mashua zikikwama, fungulia maji zipite."

Kuna ukweli ndani yake. Zamani, kwenye Thames na mito mingine, walijenga vizuizi vyenye mlango mmoja. Maji yakijaa nyuma yake mlango ulifunguliwa, na mashua zikateremka na wimbi lile. Zilizotaka kupanda zilisubiri maji yapungue ukali kisha zikavutwa kwa kamba. Ilikuwa hatari, na wenye vinu vya kusaga nafaka walilalamika kwamba maji yao yanamwagwa.

Dawa yake ilikuwa chumba chenye malango mawili. Kwenye Mfereji Mkuu wa China, ofisa Qiao Weiyue alijenga cha namna hiyo mwaka 984. Mashua huingia, lango la nyuma hufungwa, maji huingizwa au hutolewa polepole, kisha hutoka kwenye usawa mpya. Wengi hudhani hapo kuna pampu. Hata Panama, meli zinaponyanyuliwa mita 26 hivi hadi Ziwa Gatun, maji hujaza vyumba kwa kuteremka yenyewe kutoka ziwani. Na humo ndani mkondo hautakiwi hata kidogo, ndiyo maana meli hushikiliwa zisiyumbe.

"Mfereji wa Kazinga ulichimbwa na Waingereza."

Haukuchimbwa na mtu. Ni njia ya asili inayounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, na maji yake huenda kuelekea Edward, ila polepole kiasi kwamba ukisimama kwenye daraja la Katunguru inabidi utafute jani linaloelea ujue yanaelekea wapi.

"Nile inapanda, kwa sababu inaelekea kaskazini."

Kaskazini iko juu kwenye ramani ya ukutani tu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Albert mita 620 hivi, na maji yanateremka kama maji yote. Wamisri wa kale waliijua Nile kwa upande wa mwendo wake. Mkondo huko huenda kaskazini, na upepo wa kawaida huvuma kuelekea kusini. Walikwenda na maji, wakarudi na tanga. Hata katika maandishi yao, mashua iliyotandaza tanga ilimaanisha safari ya kusini, na isiyo na tanga ilimaanisha ya kaskazini.

"Basi kutoka Jinja unaweza kuteremka na maji hadi Misri."

Huwezi. Wazee wa Busoga wanaweza kukuonyesha kwa nini. Karibu mita 500 zile kati ya Victoria na Albert hazikugawanywa sawa. Sehemu kubwa imelundikana kwenye maporomoko: kuanzia Jinja kuteremka, kisha tena kutoka Karuma hadi Murchison, ambako mto mzima unajibana kwenye upenyo wa mita 7 hivi na kuanguka mita 43. Leo kuna mabwawa pia, la Nalubaale la mwaka 1954 na mengine yaliyofuata.

Ndiyo maana mwaka 1912 ilifunguliwa reli kutoka Jinja hadi Namasagali. Ilikuwa ya kuyakwepa maporomoko ya kwanza. Namasagali mizigo ilipanda meli, ikavuka Ziwa Kyoga hadi Masindi Port. Hapo ikateremshwa tena, ikasafiri kwa barabara hadi Butiaba kwenye Ziwa Albert, ikapanda meli nyingine hadi Nimule. Baada ya Nimule kuna maporomoko ya Fola, kwa hiyo ikarudi barabarani hadi Juba. Fikiria wapagazi walioibeba mizigo ile ile mara zote hizo. Mto ulitumika pale ulipotulia, na pale ulipokimbia watu waliukimbia.

"Mkondo hauwezi kukuvusha ng'ambo, hukupeleka chini tu."

Hii ndiyo ninayofurahia zaidi kuisahihisha. Kule Basel, Uswisi, vivuko vinne huvuka Mto Rhine bila injini wala kasia. Kila kimoja kimefungwa kwa kamba kwenye waya uliotandwa juu ya mto. Nahodha hukigeuza mshazari, maji yakikipiga ubavu hukisukuma hadi ng'ambo, na kurudi anakigeuzia upande wa pili. Kamba ndiyo siri yake. Chombo kimezuiwa kisiende na maji, kwa hiyo maji yanapita, na yakipita kuna nguvu ya kutumia.

Nimeulizwa kama jambo hili lingewezekana kwetu, kwa mfano Laropi, ambako watu huvuka Nile kwa kivuko. Mkondo upo, lakini ninavihofia visiwa vya mafunjo na magugu maji vinavyoelea. Aprili 2020 kisiwa cha namna hiyo kilifika kwenye bwawa la Nalubaale na umeme ukakatika nchi nzima. Kikijikita kwenye kivuko kilichofungwa kwa kamba, abiria watakuwa hatarini, na mimi nisingependa kuwa mmoja wao.

Lakini kujaribu kwa ukubwa wa mkono kunawezekana kwenye kijito chochote chenye maji ya magotini. Chukua ubao mpana, usimamishe kwa ubavu majini. Ufunge kamba mbili, ya mbele fupi na ya nyuma ndefu kidogo, uziunganishe kwenye kamba moja kama mtoto anavyofunga kishada. Simama ukingoni, ushikilie. Kamba itakazika mkononi, na ubao utauacha ukingo wenyewe, uelekee katikati ya maji bila kusukumwa na mtu. Achia kamba, nao utaondoka na maji kama ile jerikeni yetu, ambayo tuliikuta jioni imenasa kwenye mafunjo karibu na daraja la Pakwach.