Kufuzu taifa: mbona waliofungwa fainali wanasherehekea?

Dada yangu anaishi Marekani. Bintiye, aliyezaliwa hapa Malindi, anachezea klabu ya softboli ya wasichana wa chini ya miaka 12. Juzi dada akaandika kwenye gurupu la familia: "Tumefungwa fainali lakini tumefuzu taifa!" Nikausoma ujumbe kwa sauti pale barazani, Shella, kahawa ikimiminwa. Ami akatua kikombe. "Kama wamefungwa, wamefuzu nini?"

Hakukosea kuuliza. Huku tumezoea ngazi ya michezo ya shule: zoni, kaunti ndogo, kaunti, mkoa wa Pwani, ndipo taifa. Timu ikitamba uwanja wa Alaskan, hapa Malindi, bado ina kaunti ya Kilifi nzima ya kuimaliza, kisha inakutana na Mombasa, Kwale, Lamu na wenzao.

Marekani ngazi ya namna hiyo ipo, hasa Little League, shirika la besiboli na softboli za watoto. Mtaa huendesha ligi yake, msimu ukiisha huteuliwa kombaini ya wasichana bora, nayo hupanda wilaya, jimbo, kanda, hadi fainali za dunia za softboli kule Greenville, North Carolina.

Vilabu vina njia yao. Kwanza, taifa lenyewe si moja. Mashirika ya softboli ni kadhaa: USA Softball wana mashindano yao ya taifa, USSSA wana yao, PGF vilevile. Kwa hiyo ukisikia timu tatu zote zajiita mabingwa wa taifa mwaka mmoja, usikimbilie kusema kuna mwongo.

Pili, na hapa ndipo jibu la ami: kinachogombewa kwenye mashindano ya kufuzu ni kombe na pia nafasi. Waandaaji hutangaza mapema nafasi zipo ngapi, tuseme mbili: ya bingwa na ya aliyefungwa fainali. Tena bingwa huenda alishapata nafasi yake wiki tatu nyuma, mji mwingine. Hapo, kwa kanuni za mashindano mengi, nafasi hiyo humteremkia anayefuata. Ni sawa na kiti cha matatu ya Mombasa: aliye mbele yako kwenye foleni akiwa ameshakata tiketi ya basi, kiti ni chako, hata kama hukuwahi kufika. Mwisho wa kuteremka kila shirika hujipangia, na yapo mashindano ya taifa yasiyodai kufuzu kabisa, unalipa, unaingia.

"Nani analipa?" Ami tena.

Wazazi, kwa sehemu kubwa. Ada, nauli, hoteli. Nafasi si nauli, na timu isiyothibitisha kwa wakati yaweza kuipoteza.

Halafu kuna karatasi, ambazo mimi naziogopa kuliko mpira. Umri huhesabiwa kufikia tarehe moja iliyowekwa, si siku ya mechi, na orodha ya wachezaji ikifungwa imefungwa. Majirani zetu wa Uganda wanaujua uchungu huu. Mwaka 2011 timu ya watoto ya Kampala, ya besiboli, binamu wa softboli, ilishinda kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika na kufuzu fainali za dunia za besiboli za Little League, kule Williamsport, Pennsylvania. Ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika. Wakanyimwa viza ya Marekani, kwa sababu hati za umri na kuzaliwa hazikupatana. Nafasi ikateremka kwa timu ya Dhahran, Saudi Arabia, waliyokuwa wameifunga. Mwaka uliofuata vijana wa Lugazi wakafika kweli Williamsport, hati zao zikiwa sawa.

Ami akanyamaza kidogo. "Na cheti cha huyu mtoto wetu kiko wapi?"

Kiko kwenye kasha la mama, chini ya leso. Nimekipiga picha nikaituma, lakini klabu yataka chenyewe. Sasa tunatafuta msafiri.